Patipati ya Mama na Sahani za Kitisuru

Enzi zetu, wenzangu, mtoto alijua kukimbia kabla hajalijua jina lake la ubatizo. Ulikimbia kwenda shule kwa sababu kengele haikuwa na subira, ukakimbia kurudi kwa sababu viazi vitamu vilikuwa sufuriani na ndugu zako nao walikuwa na miguu. Ukitumwa chumvi, mzazi alitema mate chini akakwambia uwe umerudi kabla hayajakauka. Nawe ulirudi, tena mate yenyewe bado yana povu. Lakini mbio zilizotufanya tuwe watu ni zile za kumtoroka mama.

Sisi tulikulia Riruta, katika ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana kama watu wanaodaiana maneno. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Julai ukungu ulishuka mzito hadi ungeweza kuukata kwa panga na kumpelekea jirani kipande. Ikifika Januari, vumbi jekundu liliingia hata ndani ya yai kabla halijapasuliwa. Tulicheza kati kwa mpira wa soksi kuukuu, wawili wakirusha na mmoja akirukaruka katikati kama bisi kwenye kikaango. Tulisukuma ringi za baiskeli kwa vijiti mpaka Kawangware, tukarudi na njaa iliyoweza kutafuna kizingiti. Mandazi ya wakati huo tuliyaita ngumu, na hayakuitwa hivyo kwa mzaha. Ndugu yangu Wanyonyi alimrushia mbwa moja, mbwa akahama mtaa.

Basi katika dunia hiyo ya kukimbia, mama yetu alikuwa na patipati. Nyinyi wa rika langu mnazijua: ndara za mpira, kamba mbili zikikutana kati ya vidole, soli imelika kisigino mpaka unaona ardhi. Mama wengine walirusha zao kwa kubahatisha. Wa kwetu hakukosa. Ungeweza kukimbia ukiwa umejikunja, ungeweza kupita chini ya kamba ya nguo, ungeweza kujificha nyuma ya mbuzi, patipati ilikukuta. Nimewahi kuiona, kwa macho yangu haya mawili, ikikata kona ya bafu na kusimama kidogo kuuliza njia. Ilitua makalioni, pap!, haikuumiza sana, ila ilikujulisha kwamba duniani hakuna pa kwenda. "Ilete hapa," mama alisema, naye hata hakupandisha sauti. Nawe uliichukua ukampelekea kwa mikono miwili kama sadaka.

Baba yetu naye alikuwa mtu wa shabaha, au hivyo ndivyo alivyotwambia. Ploti nzima ilimwita Koplo kwa sababu alipigana vita vya ng'ambo kwa bunduki ya jeshi, na ukimpa chai yenye sukari ya kutosha alikueleza jinsi alivyoangusha kofia ya adui bila kuchafua nywele. Aliporudi alipata kazi Kitisuru, kwenye klabu moja ya wazungu waliopenda kupiga sahani. Si sahani za kulia. Ni visahani vyeusi vya udongo, ukubwa wa kiganja, vinavyorushwa hewani na mtambo, na mtu anavifuata kwa bunduki ya marisau, ile ya mitutu miwili inayotapika vipunje badala ya risasi moja. Kikivunjika, wanapiga makofi. Mama alipoelezwa kazi hiyo mara ya kwanza aliuliza, "Na wakishavivunja, wanakula nini?"

Baba alisafisha bunduki na kulinda stoo. Kila alfajiri alipanda baiskeli yake, akapitia Kangemi, akavuka bonde, akapanda kilima cha Kitisuru akiisukuma. Jioni alirudi ananuka baruti na mafuta ya bunduki, harufu ambayo hadi leo nikiinusa natafuta mahali pa kumwekea maji ya kunawa.

Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa na mimba ya mtoto wa tano, na chumba chetu kilikuwa kimoja. Tulilala kama viberiti. Ikaamuliwa, kwa sauti ile ya chini ambayo wazazi hudhani watoto hawaisikii, kwamba mama arudi nasi sote kijijini Kimilili baada ya mavuno, baba abaki Nairobi peke yake. Mama alikuwa ameshamngoja mtu huyo miaka yote ya vita. Nilimsikia akisema, "Baba Nekesa, mimi kungoja nilimaliza." Nekesa ni mimi. Baba alikohoa tu, naye alikuwa hakohoi ovyo.

Ndipo ikaja habari. Meneja wa klabu, mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, alikuwa anafunga virago kurudi kwao, na kamati ilitaka msimamizi Mwafrika. Msimamizi alipewa nyumba ya mawe palepale uwanjani: vyumba viwili, jiko la nje, na mfereji wa maji mlangoni. Mfereji! Lakini msimamizi ndiye angewafundisha wanachama wapya, kwa hiyo ilibidi ajue kuzipiga sahani mwenyewe. Meneja alimwambia baba kwa Kiswahili chake, "Koplo, kama wewe napiga sahani mzuri, hii nyumba yako." Kulikuwa na mshindani mmoja, kijana aitwaye Njoroge aliyeletwa kutoka Nakuru, na siku ya kujaribiwa ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Sisi tulishaanza kugawana vyumba. Kumbe baba alikuwa hazipigi.

Hilo tuliletewa na Mutua, jirani yetu wa mlango wa tatu, mtu wa Machakos, ambaye kazi yake pale klabuni ilikuwa kuvuta waya wa ule mtambo. Meneja alimruhusu baba kufanya mazoezi jioni baada ya wanachama kuondoka, na Mutua alivuta waya akiona yote. Siku moja baba alivunja sita mfululizo, kesho yake akavunja moja, tena Mutua alisema hiyo moja ilijiua yenyewe.

"Koplo," Mutua alimwambia palepale uani, sisi tukisikia, "wewe unapiga nyuma. Kila mara nyuma. Sahani imeshapita, wewe unapiga mahali ilipokuwa inakaa."

"Jeshini tulifundishwa," baba akasema, akikaza mgongo. "Simama imara. Finya jicho. Shika pumzi. Bunduki itulie kabisa. Fyatua."

"Na huyo adui alikuwa anaruka hewani?"

"Alikuwa amelala kwenye handaki."

"Haya basi. Hii sahani haijalala. Haijui ulikuwa koplo."

Ungemwona baba! Shingo ilimvimba. "Nyinyi Wakamba mmezoea mishale, mnajua nini na bunduki?" Mutua akajibu kwamba mshale angalau ukikosa unauokota tena, wakacheka, wakagawana tumbako. Lakini baba alipoingia ndani hakucheka tena. Alichukua ufagio wa mti mrefu, akauweka begani, akaanza kulenga nzi.

Kuanzia hapo ploti yetu ikawa uwanja wa vita. Sisi watoto tulipangwa tukimbie kutoka chooni hadi kwenye ua wa kayaba, baba akitufuata na ufagio, akiutuliza, akifinya jicho, akishika pumzi, kisha anasema "Pa!" Na kila aliposema "Pa!" sisi tulikuwa tumeshafika kwenye kayaba tunachuma matunda. Siku ambazo alijisikia vizuri alitupata kidogo. Siku nyingine aliwaua majirani. Hakujua kwa nini, na hicho ndicho kilichomtesa. Mtu anayekosa kila siku ana nafuu, anajua ni mbovu. Baba alikuwa hodari Jumanne na kipofu Jumatano.

Jumapili moja mchungaji alikuwa anakuja kula kwetu. Kwetu sisi watu wa magharibi, kuku akichinjwa, firigisi si nyama. Firigisi ni heshima. Ni ya mwenye nyumba, au mgeni wake, na mtoto akiigusa ni kama amevaa viatu vya babake akaenda navyo barazani. Wanyonyi aliijua sheria hiyo vizuri kuliko amri kumi. Lakini Wanyonyi alikuwa na miaka tisa, na pua. Mama alipogeuka kuchukua chumvi, kijana akaitoa sufuriani kwa vidole, ikiunguza, akaitumbukiza mdomoni, akatoka mbio na mashavu yamefura kama ya mpiga tarumbeta.

Mama aligeuka akaona sufuria, akaona mlango, akaelewa. Mkono wa kushoto umeshika kifuniko, mtoto wa mgongoni amelala, tumbo liko mbele. Wanyonyi alikuwa ameshamaliza uani, anakunja kona ya bafu. Mguu wa mama ukapiga teke dogo, patipati ikaruka mkononi, mkono ukazunguka.

Pap!

Firigisi ilitoka mdomoni nzima. Kuku mwingine akaila, na hayo tuyaache.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake. Hakuuliza habari ya firigisi. Hakuuliza hata mchungaji atakula nini. Alisema, "Rudia."

"Nirudie nini?" mama akauliza.

"Kutupa. Wanyonyi, rudi chooni. Kimbia tena."

"Baba, nimeshakubali makosa!"

"Kimbia!"

Wenzangu, haki ilitendeka siku hiyo kuliko mahakama yoyote. Wanyonyi alikimbia, mama akatupa, pap! Alikimbia akiwa amejikunja, pap! Alikimbia akilia kwamba mchungaji anakuja, pap! Na baba alizunguka akimtazama mama, si Wanyonyi, mama, kutoka mbele, kutoka nyuma, amechuchumaa, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Unafinya jicho gani?" akauliza.

"Nifinye jicho kwa nini? Si nitamwona nusu?"

"Unaitazama patipati?"

"Patipati naijua. Natazama mtoto."

"Na mkono mbona hausimami? Umeshatupa, mkono bado unaenda mpaka mlango wa Mutua."

Mama akautazama mkono wake kama amekabidhiwa leo. "Nikiusimamisha itaanguka njiani," akasema. "Unaanzia nyuma yake, unamfuata, unampita, unaachilia, unaendelea. Ukisimama, yeye hakusimama."

"Lakini unalenga wapi?"

"Anapoenda." Mama alikuwa ameshaanza kuchoka na maswali. "Alipotoka nitafanya nini napo, Baba Nekesa? Pale alipotoka hakuna mtu."

Baba aliketi kwenye ngazi. Alikaa hivyo mpaka mchungaji akafika akamkuta ana ufagio magotini. Mchungaji alikula paja, akaambiwa kuku huyu alizaliwa hana firigisi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa Mungu aliamini.

Tangu jioni ile mama ndiye aliyekuwa sajenti. Alisimama nyuma ya baba, akamshika kiuno kwa mikono miwili, sisi tukakimbia. "Kiuno!" alipiga kelele. "Usigeuze mikono tu, geuza kiuno! Usisimame!" Majirani walichungulia wakidhani ni ngoma ya Kimilili, na wawili watatu wakajifunza. Na ni mama aliyegundua ugonjwa wa Jumanne na Jumatano. "Jana uliuweka ufagio shavuni kwanza," akamwambia. "Leo umeuweka begani, ndiyo maana shavu linautafuta. Kila siku unaanza na mwanzo mpya. Mimi nasonga ugali mkono uleule, sufuria ileile, mguu huu mbele. Umewahi kuja jioni ukakuta umekuwa uji?" Baba akakubali hajawahi. Basi akawa anauinua ufagio na kuushusha, kuuinua na kuushusha, shavuni, begani, mguu wa kushoto mbele, mpaka ukawa unapanda wenyewe hata akiwa anazungumza na mtu. Alimtisha mwuza maziwa.

Jambo la mwisho alilomfundisha halikuwa la mwili. Baba akikosa mmoja wetu, alikasirika, na anayefuata alikoswa kwa hasira ya yule wa kwanza. Mama alimwambia, "Aliyepita amepita. Huyo atakuja kula jioni, utamkuta. Sasa tazama huyu."

Jumamosi ikafika. Wafanyakazi waliruhusiwa kuja na familia zao, tukaketi kwenye nyasi nyuma ya kamba. Nyasi zile! Zilikuwa laini hata Wanyonyi aliogopa kuzikalia. Mama alivaa gauni la kanisani, na miguuni patipati, kwa maana miguu ilikuwa imemvimba haiingii katika kitu kingine. Nyuma ya uwanja ilionekana ile nyumba ya mawe, na mfereji wake unadondoka tone, tone, bila mtu wa kuukinga. Mama aliutazama mfereji kuliko alivyotazama bunduki.

Kila mtu alipewa sahani ishirini. Njoroge alianza. Nilitaka kumchukia nikashindwa: alikuwa kijana mpole, viatu vyake vimepigwa rangi hadi kwenye soli, na alitusalimia sote kwa mkono, hata watoto. Alipiga vizuri. Alikosa nne tu. Tena alijua kusoma na kuandika Kiingereza, na ilisemwa wazi kwamba wakitoka sare kazi ni yake.

Baba akaingia. Mutua akavuta waya. Sahani ikaruka, na nikaona baba anasimama kama mti, anafinya jicho, anashika pumzi. Jeshi lilikuwa limerudi. Akakosa. Ya pili akakosa. Ya tatu akakosa, na Mutua, ambaye hakuruhusiwa kusema kitu, alikuna kichwa kwa nguvu hadi kofia ikaanguka.

Tatu zimekwenda. Akikosa moja zaidi, sisi ni wa Kimilili.

Pale hakuna kupiga kelele, ni sheria. Mama akainuka polepole, mkono mmoja mgongoni. Akavua patipati ya kulia. Akaishika juu, kimya kabisa, mguu mmoja wazi kwenye zile nyasi za wazungu.

Baba aligeuka kuchukua risasi akamwona. Kwanza alishtuka, kama mume yeyote. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka Meneja akamuuliza kama ni mgonjwa. Akajipangusa macho, yote mawili, na hakulifinya lolote tena siku ile.

Mguu wa kushoto mbele. Shavuni, begani. Waya ukavutwa, kiuno kikageuka, bunduki ikaanzia nyuma ya sahani, ikaipita, ikalia, ikaendelea kwenda kama mkono wa mama kwenye mlango wa Mutua. Sahani ikawa moshi. Ya pili moshi. Mbingu ya Kitisuru ilijaa vumbi jeusi, ndege wakahamia Spring Valley, na mimi nilikuwa nimemuuma Wanyonyi bega bila kujua.

Ikabaki ya mwisho. Upepo ulikuwa umeamka, ikaruka vibaya, chini chini, ikielekea miti. Baba akaifuata. Bunduki ikalia. Na sahani ikaendelea kwenda, nzima, ikatua nyasini mbali.

Meneja alimtazama Mutua, lakini Mutua ni jirani yetu, angesema nini kikaaminika? Ndipo Njoroge, aliyesimama pembeni na mikono nyuma, akasema, "Imeguswa. Nimeona kipande kimetoka."

Walienda kuitafuta. Iliokotwa imeng'oka ukingoni, pengo dogo kama la mtoto wa darasa la kwanza. Kwa sheria yao, kipande kimoja kikionekana kimetoka, imevunjika. Njoroge mwenyewe ndiye aliyeileta, akampa baba kwa mikono miwili. Baba alimshika mkono, hakuuachilia haraka, na jambo la kwanza alilofanya akiwa msimamizi lilikuwa kumwombea kijana huyo kazi ya stoo. Alikula kwetu miaka mingi. Firigisi alikuwa anapewa yeye, na Wanyonyi hakulalamika, kwa sababu alikuwa na kumbukumbu.

Tulihama kwa mkokoteni wiki ileile. Mtoto wa tano alizaliwa katika nyumba ya mawe, akaogeshwa kwa maji ya mfereji. Baba alimpeleka mama mjini, Mtaa wa Biashara, akamnunulia viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa kamba, na aliyefurahi kuliko wote alikuwa Wanyonyi: kabla mama hajafungua kamba, mtu amefika Loresho. Hakujua kwamba patipati imewekwa chini ya kitanda.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili, nilirudi darasani, masomo ya jioni mjini. Mwalimu akachora ubaoni kitu kinachokwenda na kingine kinachokifuata, akaweka mishale na herufi, akauliza nani ameelewa. Nikainua mkono nikasema, "Mwalimu, hiyo ni patipati." Darasa lilicheka, nami nilipasi.

Wazee wametangulia wote wawili. Kitisuru siku hizi ni kuta na mageti, huwezi kuona nyasi ya mtu bila kitambulisho. Na wajukuu wangu, Mungu awabariki, hawakimbii. Wanaketi kwenye kochi wakipiga shabaha kwenye simu kwa vidole gumba, na nikiwaita wanaitika bila kugeuka. Hata ukitaka kuwatupia patipati, utajivunia nini? Shabaha imekaa.

Ila Krismasi iliyopita nilikuwa jikoni na kuku, na mjukuu wangu mdogo wa kike, yule mwenye miguu ya Wanyonyi, akatia mkono sufuriani, akachukua firigisi, akatimua. Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitawaficha. Patipati ilikuja mkononi yenyewe. Kiuno kikageuka, kile kiuno changu cha mafuta ya kuchua na plasta, kikafika katikati, kikasimama kupumzika. Patipati ikaanguka nyuma kabisa, pale kwenye zulia alipokuwa amesimama kabla hajaanza kukimbia.

Yeye alikuwa ameshapita kona, nasikia anacheka na mdomo umejaa. Nikaenda kuiokota polepole, mguu mmoja wazi. Nilisimama pale kidogo nikitazama. Mama alisema kweli. Hapakuwa na mtu.